Upande wa Kabla

Kila asubuhi, kabla milango ya duka haijafunguliwa, mwonyeshaji wa kaunta ya vipodozi alipangusa kioo cha kaunta kwa gazeti lililoloweshwa kidogo, akachomeka kifaa cha kuchulia uso kwenye umeme aone kama taa yake nyekundu inawaka, kisha akakaa kwenye stuli ndefu na kuchora mstari. Aliuchora kwa kalamu nyeupe ya nyusi. Ulianzia kwenye mashina ya nywele, ukashuka katikati ya paji la uso, ukafuata mgongo wa pua, ukakata midomo na kuishia kidevuni. Upande wake wa kulia kulikuwa na kibao kilichoandikwa KABLA, wa kushoto kibao kilichoandikwa BAADA. Kaunta ilikuwa ghorofa ya chini, kati ya manukato na masanduku ya safari, mahali ambapo kila anayeingia dukani lazima apite, atake asitake.

Sheria ya kampuni ilikuwa fupi: kifaa na krimu visivuke mstari. Kampuni nyingine ziliwaonyesha wateja picha, na wateja walikwishajua kwamba picha huchezewa. Kampuni hii ilijivunia kuonyesha mtu mzima anayepumua. Kwa hiyo mwonyeshaji alijipaka na kujichua upande wa kushoto siku nzima mbele ya watu, na upande wa kulia haukuguswa hata kwa mafuta ya kawaida. Alianza kazi hiyo akiwa msichana ambaye hajaolewa, na wakati huo nusu mbili za uso wake zilifanana kama zinavyofanana za mtu yeyote. Wenzake wa dukani walimpachika jina la Pande Mbili, jina likamganda.

Mwaka wa kwanza hakukuwa na tofauti ya kuonyesha. Ilibidi Pande Mbili awasaidie wateja kuiona. Aliweka kidole upande wa kulia na kusema, "Tazama hapa, dada yangu, pembeni ya jicho. Unaona palivyolegea? Na hapa shavuni, ngozi imechoka." Kisha akahamisha kidole. "Sasa tazama huku." Hapakuwa na kilicholegea wala kilichochoka. Lakini alikuwa na sauti nzuri, sauti ya mtu anayekupa siri ambayo hakumpa mwingine, na wateja waliinama, wakakaza macho, wakaona. Walipokwisha kuona, upande wa kulia ukaanza kulegea kweli.

Tangu hapo kazi ikawa nyepesi. Upande wa kulia ulipauka na kujikunja kama pazia linalopigwa na jua kila siku, na wa kushoto ukabaki palepale ulipokuwa. Wa kulia ulibeba miaka yake na miaka ya mwenzake. Miaka hiyo haikuishia usoni. Iliingia shingoni, ikapita chini ya nguo, ikateremka mpaka kidole gumba cha mguu. Ilipofika wakati binti yake amemaliza shule na kuanza kushona nguo kwa fundi mmoja wa jirani, upande wa kushoto wa Pande Mbili ulikuwa wa msichana, na wa kulia ulikuwa wa bibi aliyekula chumvi nyingi: nywele nyeupe, sikio lililorefuka, jicho lenye ukungu. Alitembea kwa mwendo wake mwenyewe, mguu mmoja ukiwa na haraka na mwingine ukiomba kusubiriwa. Mlinzi wa mlangoni akimwona kutokea kulia alisema, "Shikamoo, mama." Akimwona kutokea kushoto alisema, "Mambo vipi, mrembo?" Pande Mbili aliziitikia salamu zote mbili.

Hakuna aliyeshangaa. Wateja walisema kifaa kinafanya kazi, wakanunua. Walipofika kwao wakajimulika mwezi mzima na kioo kikawaonyesha sura ileile ya jana, walijilaumu wenyewe. Pengine walikuwa wavivu. Pengine ngozi yao ilikuwa sugu. Pengine walitakiwa kununua na ile seramu ya kupaka kwanza. Walirudi wakanunua seramu, na Pande Mbili akawafungia vizuri kwenye karatasi yenye utepe.

Nyumbani mambo yalijipanga bila mtu kuyapanga. Mumewe alikuwa fundi wa redio na pasi, mtu mpole, asiye na kelele. Mezani alikaa kushoto kwa mkewe. Kitandani alilala kushoto. Habari za mchana alizimwagia sikio la kushoto, na akicheka, alilichekea shavu la kushoto. Hakuwahi kueleza kwa nini, wala hakuna aliyemuuliza, kwa sababu jibu lilikuwa likikaa nao mezani kila siku.

Binti alikaa kulia. Alikaa huko tangu utotoni, kwa kuwa upande huo ulikuwa laini kuegemea, na pia kwa sababu nyingine. Upande wa kushoto ulikuwa umefikia kuwa rika lake, na si rahisi kukaripiwa na mtu wa rika lako ukaingiwa na hofu. Pande Mbili alijua hilo. Akitaka kugomba, aligeuza kwanza uso, akaliacha jicho la kulia ndilo liongee.

Kilichovunja mpangilio huo ni goti. Mchana mmoja Pande Mbili alikuwa anateremka kwenye stuli, goti la kulia likakataa, akaenda chini pamoja na kibao cha KABLA. Wateja watatu walikuwa wamesimama pale. Mmoja wao alimgusa mwenzake begani.

"Ona," alisema. "Mpaka magotini."

Wakanunua kila mmoja kifaa chake, naye akawahudumia akiwa ameegemea kaunta.

Daktari alimpima nusu kwa nusu. Alisikiliza, akabonyeza, akaandika, kisha akavua miwani.

"Moyo wako uko kushoto," alisema. "Huo sina shaka nao hata kidogo, ni wa msichana. Lakini ini liko kulia."

"Ini lina nini?"

"Limezeeka, mama. Limezeeka kuliko la bibi yangu, na bibi yangu tumemzika."

Alimweleza kwa upole, kama anavyomweleza mtu apunguze chumvi, kwamba kinachouzeesha upande ule ni macho. Watu wanautazama kwa jicho la kutafuta kasoro, kutwa kucha, na hakuna ngozi inayoweza kuvumilia hilo, seuze ini. Dawa ya macho ya watu hakuwa nayo. Ukiendelea kutazamwa hivi, alisema, hautaziona mvua zijazo, na upande wa kulia ukienda, wa kushoto utaufuata, hata ukiwa mbichi namna gani. Kisha akaandika kwenye karatasi ya hospitali, "Asitazamwe kulia," akapiga muhuri.

Jioni hiyo mumewe alikifungua kifaa. Alikiweka juu ya meza kati ya sahani, akalegeza skrubu, akatoa kilichokuwa ndani: taa ndogo nyekundu na mota kama ya gari la kuchezea watoto.

"Hiki hakifanyi chochote," aliliambia sikio la kushoto. "Kinawaka na kutetemeka, basi."

"Najua," alisema Pande Mbili.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza nilipokishika."

Binti aliacha kula. Fundi alirudisha taa na mota mahali pake, akafunga skrubu zote kwa uangalifu, kwa kuwa kifaa kilikuwa mali ya kampuni.

Meneja wa kampuni alikuwa kijana mtanashati, mwenye macho makavu lakini ulimi wenye adabu. Aliposoma karatasi ya daktari alisikitika. Alisema, "Pole sana, mama," akiutazama upande wa kulia, na, "Pole, dada," akiutazama wa kushoto. Akampa ruhusa ya kupumzika mpaka atakapojisikia vizuri. Pande Mbili alirudi nyumbani moyo umetulia. Akajitanda mtandio nusu ya uso, akakaa chumbani kwenye kivuli, akasubiri nafuu.

Nafuu haikuja. Upande wa kulia ulizidi kuchakaa. Jino liling'oka lenyewe akiwa anakunywa chai. Asubuhi na jioni, saa za watu kwenda kazini na kurudi, alisikia joto shavuni, kama mtu aliyekaa karibu mno na jiko. Ni binti aliyegundua sababu, siku alipopeleka nguo ya mteja upande wa pili wa mji. Kwenye mzunguko mkubwa wa magari kulikuwa na bango. Uso wa mama yake ulikuwa pale juu, mrefu kuliko nyumba, mstari mweupe katikati, KABLA huku na BAADA huku. Magari yalikuwa yamekwama kwenye foleni kutoka njia zote nne, na watu waliokuwa ndani yake walikuwa wanautazama uso ule, kwa sababu hapakuwa na kingine cha kutazama.

Binti alifanya alichoweza. Kila jioni alikaa kulia kwa mama yake, akautoa mtandio, akautazama uso ule kwa jicho jingine. Hakumvisha mama yake kilemba cha ukoka. Alisema alichokiona. "Kope zako ndefu, mama." Au, "Hapa penye kidoti panapendeza." Na kweli, alipopasema pakapata nafuu. Kunyanzi moja kubwa pembeni ya mdomo lilinyooka kabisa wakati wakiongea, Pande Mbili akacheka kwa mdomo mzima. Kulipokucha magari yalijazana tena kwenye mzunguko, na kunyanzi likarudi likiwa refu zaidi. Binti alitambua kwamba mtu mmoja hawezi kushindana na foleni.

Akaenda kwa meneja bila kuaga.

"Lishusheni lile bango," alisema. "Linamuua mama."

"Mdogo wangu, bango haliwezi kukaa tupu."

"Wekeni picha nyingine."

"Ya nani?" Meneja aliuliza kwa nia njema, alitaka kujua kweli. "Sisi wa BAADA tunaye, hana shida. Anayeuza ni wa KABLA. Lazima awepo mtu wa kutazamwa."

"Kifaa chenyewe hakifanyi kazi. Baba amekifungua."

"Tunajua," alisema meneja. "Lakini tofauti si unaiona?"

Tofauti binti alikuwa anaiona kila siku. Meneja aliinamisha kichwa kidogo, akamtazama kama mtu anayepima kitambaa.

"Unafanana na mama yako," alisema. "Yule wa kushoto. Ukikaa wewe, picha yake ya kulia tutaibandua kesho asubuhi."

"Mimi sina kunyanzi hata moja."

"Hata yeye hakuwa nalo."

Jioni nyumba ilichafuka. Pande Mbili aliutupa mtandio, akageuza uso, jicho la kulia likaongea kama ambavyo halijawahi kuongea. Alisema afadhali afe. Binti akasema hilo ndilo analolikataa yeye. Mama akasema hakumzaa aje kuwa kibao. Binti akasema, kwa sauti ndogo, kwamba amekwisha kukubali, na kwamba watu wa ngazi, wa kubandua bango, wameshaambiwa. Wote wawili walikuwa wanalia, mama kwa machozi ya pande mbili, ya kushoto yakiteleza moja kwa moja mpaka kidevuni na ya kulia yakipotea njiani kwenye mikunjo.

Fundi akasimama, akaizunguka meza, akavuta kiti na kukaa upande wa kulia wa mkewe, mahali ambapo hakuwa amekaa kwa miaka mingi. Aliutazama uso ule kwa karibu. Alitaka kuutazama vizuri, nia yake ilikuwa safi, lakini hakuwa na mazoea, na macho yake yalifanya yaliyojua kufanya. Nyusi ya mkewe ilidondoka chini ya jicho mbele yake.

"Rudi kwako, baba watoto," Pande Mbili alimwambia, bila hasira. "Unaniumiza."

Akarudi kushoto. Uso ulikuwa umemshuka, na hakuna aliyemtazama.

Asubuhi wanaume wawili wenye ngazi walibandua nusu ya KABLA ya bango, wakabandika uso wa binti mahali pake. Pande Mbili alikuwa anakunja shuka alipohisi joto likitoka shavuni. Goti likakunjika bila mlio. Ubavu wa kulia, ambao ulikuwa mzito tangu siku nyingi, ukawa mwepesi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akasikia njaa. Ilikuwa raha. Kuisikia raha hiyo, akijua imetoka wapi, ndiko kulikomkata maini.

Meneja alitaka arudi kaunta. Binti angekaa kulia, yeye kushoto, nusu yake mbovu ikiwa imefunikwa mtandio wa rangi ya kampuni. Kuonyesha angeonyesha yeye, kwa sababu sauti ni yake. Pande Mbili alikubali haraka kuliko meneja alivyotarajia. Usiku wote alikuwa amefikiri, akaona kwamba watu hawaoni mpaka waonyeshwe. Alikumbuka vizuri mwaka ule wa kwanza. Kama hatanyoosha kidole, binti yake atakaa pale kwenye stuli miaka hata kumi na kuondoka kama alivyokuja.

"Sitakugusa," alimwambia binti walipokuwa wanavaa. "Nitasema ya kwangu tu."

Na ndivyo alivyofanya. Alisifia shavu lake la kushoto, akajimulika, akakitetemesha kifaa, akaeleza seramu na namna ya kuipaka. Wateja walisimama. Walimtazama mama, wakamtazama binti, wakaona wasichana wawili wanaofanana, mmoja amejitanda. Wakauliza bei ya masanduku ya safari. Siku ya kwanza ikapita hivyo, na ya pili, na wiki ikakaribia kwisha. Binti alikuwa na ngozi ya mtoto aliyetoka kuoga. Jioni Pande Mbili alimkagua chini ya taa, akashukuru, wakala wakicheka na fundi akacheka nao.

Ijumaa meneja alishuka ghorofa ya chini. Hakuwa na hasira. Alisimama kando ya kaunta mikono nyuma, akasema kwamba biashara ni biashara, na kwamba nusu ile ya bango hawakuichana, wameikunja tu na kuiweka stoo. Ngazi ipo. Kama kaunta haitauza mpaka kufunga duka, Jumatatu watu wataikuta picha ya zamani mahali pake. Alisema, "Si kwa ubaya, mama," na alimaanisha, kisha akaenda kuongea na watu wa manukato.

Mteja mmoja alikuwa amesimama mbele yao. Alikuwa mwalimu, vumbi la chaki bado lilikuwa kwenye mkono wa gauni lake, na uso wake ulikuwa wa kawaida kabisa, uso mzuri wa mtu aliyefundisha tangu asubuhi. Aliuliza kama kweli kifaa kinasaidia.

Pande Mbili alianza kusema ya kwake. Binti akamkatiza. Alizishika nywele zake kwa mikono miwili, akazivuta nyuma, akazifunga, akauinua uso kwenye taa.

"Muonyeshe, mama," alisema.

"Kaa kimya."

"Muonyeshe. Nimeshika goti lako asubuhi, nimeona linavyokunjika. Usinirudishe kukutazama ukifa."

Mwalimu alisubiri. Pande Mbili aliutazama uso wa mwanawe. Aliujua wote, aliuosha tangu ukiwa wa kutosha kwenye kiganja kimoja. Alitafuta mahali ambapo pangeweza kuvumilia, akapita paji, akapita mashavu, hakupata. Mwisho akachagua chini ya sikio, nyuma kidogo, ambako nywele zikiachiwa zingepafunika. Alinyoosha kidole. Akakiweka.

"Tazama hapa, dada yangu," alisema, na sauti ikatoka ileile, ya mtu anayekupa siri. "Unaona palivyoanza kulegea?"

Mwalimu akainama, akakaza macho. Binti alikaa bila kutikisika, kama mtu anayechomwa sindano. Chini ya kidole cha mama yake ngozi ilijikunja kidogo, ikatulia katika mkunjo wake.

"Naona," alisema mwalimu. "Kweli kabisa." Akasogea zaidi, sasa amependezwa, akanyoosha kidole chake mwenyewe na kukiweka pembeni ya jicho la binti. "Na hapa?"

Pande Mbili alimtazama meneja kule kwenye manukato. Kisha akatazama mahali alipoonyeshwa.

"Na hapo pia," alisema, akavuta karatasi yenye utepe na kuanza kufunga kifaa.